Kofia ya Nyapara na Waya wa Garsen

Kabla ya daraja, vijana wangu, kila aliyetaka kuvuka Mto Tana pale Garsen alivushwa na mikono yangu hii. Maharusi, magunia ya mchele, ng'ombe, wakubwa wa serikali, wote. Haya, kulikuwa na mikono ya watu wengine saba pia, lakini kalamu leo ninayo mimi. Na tabia hiyohiyo ya kuwasahau wale saba ndiyo iliyowahi kuifanya pantoni ya serikali ichukuliwe na maji, ikiwa na gari, fahali na Mzungu juu yake.

Mjukuu wangu ameniomba niandike mambo ya kazi, nisihubiri. Nimemwahidi. Ila mimi ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie.

Pantoni ilikuwa sakafu ya mbao iliyowekwa juu ya maboya makubwa ya chuma, yenye nafasi ya lori moja na watu wanaojua kujibana. Waya mnene ulivutwa toka ukingo huu hadi ule, ukafungwa kwenye magogo, na pantoni ikashikizwa kwenye waya huo kwa kulabu mbili. Injini haikuwepo. Injini tulikuwa sisi, na mafuta yetu yalikuwa ugali na kambare.

Kila mvutaji alikuwa na kipande cha mti mgumu, urefu wa mkono hadi kiwiko, kilichokatwa pengo ubavuni. Tulikiita jino. Unaliingiza jino kwenye waya, unalikunja kidogo kwa mikono miwili, linauma. Kisha unatembea kuelekea nyuma ya pantoni, nayo pantoni inakwenda mbele. Mikono miwili, sikilizeni hapo. Ukishika jino kwa mkono mmoja ni sawa na kumshika mamba mkia kwa vidole viwili.

Na niwape na mengine, hata kama hamtayahitaji. Pengo la jino likipanuka, litupe, usilionee huruma. Usivae pete. Viganja vipake mafuta ya samaki yaliyochanganywa na majivu, havitapasuka. Fahali mpakie akitazama kule mto unakotoka, kwa sababu akitazama unakokwenda ataona dunia yote inaondoka, na atataka kuondoka nayo. Nimeliona hilo mara mia tatu. Tuseme mara tatu.

Tulikuwa wanane, makundi mawili ya wanne wanne. Kundi moja likishika waya mbele na kutembea kwenda nyuma, kundi la pili linarudi mbele kupokea. Hatari yote iko hapo pa kupokezana. Wa kwanza wakiachia kabla wa pili hawajauma, mto unaichukua pantoni. Ndiyo maana kulikuwa na wimbo. Nyapara alikuwa akiita, "Waya wa nani?" na sisi tunajibu, "Wa Mungu." Katika neno hilo "Mungu," watu wote wanane walikuwa wameuma waya. Likiisha, kundi la kwanza linaachia. Wakristo tuliliimba, Waislamu waliliimba, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyetaka kufa.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Yafeti. Mtu huyu alikuwa pale tangu Tana ikiwa kijito. Alinifundisha kazi kwa kunipiga kofi la kichwa kila nilipotazama waya badala ya kutazama maji. "Waya haujawahi kukudanganya," alikuwa akisema, "lakini maji yana siri." Miaka yote ile ya kusimama majini ilimharibu miguu. Ilikuwa imevimba kama vigogo vya migomba, na kupanda ukingo kutoka mtoni kulimchukua muda wa watu wengine kupika na kula. Alitaka jambo moja tu: kurudi kwa binti yake huko chini karibu na Kipini, kwenye shamba lake la ukingoni, aketi. Serikali ikamwambia hataachiliwa mpaka apatikane nyapara anayeweza kusoma barua zao.

Na nani alikuwa anasoma? Mimi Samueli. Nilihitimu shule ya jioni iliyofundishwa kanisani kwa taa ya kandili, nikawa wa kwanza darasani. Darasa lilikuwa na watu watatu: mimi, mwenzangu mmoja aliyekuwa akisinzia, na mwalimu. Humo humo tulifundishwa na katekisimu. Mwalimu aliuliza, "Sanamu ni nini?" Nikasimama nikajibu bila kumeza mate, "Ni kitu cha mti au cha jiwe ambacho watu wasio na akili wanakiinamia." Nilipewa alama zote, nikaketi, na toka siku ile nikajua kwamba dhambi hiyo mimi haitanipata maishani.

Barua ikaja. Nikaisoma mbele ya wenzangu kwa sauti ya mimbarini. Ilisema mimi nimekuwa nyapara wa muda, na kwamba Bwana wa Barabara, afisa aliyesimamia njia na vivuko vyote vya upande wetu, atakuja kutazama nikivusha mara moja. Akiridhika, nitathibitishwa na Mzee Yafeti ataruhusiwa kwenda kwao. Asiporidhika, mzee atabaki. Maneno "wa muda" niliyameza. Lile la mzee nililisoma vizuri, naye akaanza siku ileile kukunja mkeka wake, na kijana mmoja wa kijijini akashika jino langu kwenye waya.

Pamoja na barua kulikuwa na filimbi na kofia. Ah, kofia ile. Ilikuwa ya kaki, ukingo mgumu mbele, na beji ya shaba katikati. Nilipoivaa nilirefuka futi mbili. Nilikuwa nikiisugua beji kwa jivu na ndimu kila asubuhi kabla ya kusali, na asubuhi nyingine kusali nilisahau ila kusugua sikusahau. Nilijitazama ndani ya maji, ndani ya kioo cha lori, ndani ya sufuria. Mke wangu aliponiona nakula nikiwa nimeivaa, alitia chakula sahani mbili, akaweka moja mbele yangu na nyingine pembeni.

"Hiyo ya nani?" nikauliza.

"Ya mgeni wako," akasema. "Sijui kama anakula samaki."

Sikucheka. Mtu anayejiabudu ni vigumu kucheka, ana kazi nyingi.

Nikaanza na abiria. Kila aliyeshuka ukingoni ilimbidi aisalimu kofia kwanza ndipo apande. Siku moja akaja Mzee Guyo, Muorma mwenye ng'ombe wengi na Kiswahili kichache, akiwa na fahali wake mmoja mkubwa.

"Salimu kwanza," nikamwambia.

"Mimi nasalimu wewe jana."

"Leo unasalimu cheo."

Aliitazama kofia muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua. "Hii nakamuliwa?" akauliza.

Watu wakacheka hadi kwenye ukingo wa pili. Nikampigia filimbi, akapanda bila kusalimu, na fahali wake akaacha kitu kikubwa mbele ya viatu vyangu.

Nikaona heshima ya abiria haitoshi. Nikaugeukia wimbo. Kwa nini watu wanane waimbe kutwa nzima na jina langu lisitajwe hata mara moja? Nikautengeneza upya, kwa elimu yangu yote ya jioni. Mimi nitaita, "Kivuko cha nani?" Wao watajibu, "Cha Samueli," na wakisema hivyo watapeleka mkono wa kulia kwenye paji la uso, kama askari. Niliwafundisha nchi kavu wiki nzima, kamba imefungwa kati ya mikoma miwili, ile miti ya jamii ya minazi. Ulipendeza sana. Kamba iliyofungwa kwenye mikoma haiendi popote, hata mkiiachia mwaka mzima.

Katika wavutaji alikuwako Shee, mtu wa Kipini, Mwislamu safi, mwenye ulimi uliokwangua kuliko papa mkavu. Akainua mkono.

"Nyapara, nina swali la dini. Mola wangu namsujudia mara tano kwa siku. Hii ya kofia ni ya sita, au nipunguze moja kule?"

"Ni salamu tu, Shee."

"Haya. Mkono nitakupa. Kichwa nimekiacha nyumbani, mke wangu anakitumia."

Mzee Yafeti alikuwa ameketi kwenye sanduku lake akitazama mazoezi. Aliniita kando. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Samueli, mwanangu. Pale mnapopiga saluti, mikono kumi na sita iko wapi?"

"Iko kwenye heshima, Mzee."

"Jina ulilolitoa pale lilikuwa na kazi," akasema. "Hilo lako linafanya kazi gani?"

Nikajiambia mzee ananionea wivu. Nikamwambia asijali, akaage majirani. Na tazameni jinsi shetani alivyo mvumilivu: ilikuwa kiangazi, maji yamelala. Tulipiga saluti katikati ya mto, pantoni ikatulia kidogo, tukashika tena, tukafika. Majuma mawili tulivuka hivyo. Nikaona hata mto wenyewe unaniheshimu.

Kisha mvua zikanyesha huko bara. Maji yakabadilika rangi ya chai ya maziwa, yakaanza kuleta povu na majani yenye mizizi yake, na mtu yeyote aliyepigwa makofi na Mzee Yafeti alijua maana yake. Siku ya tatu ya maji hayo, Bwana wa Barabara akafika na gari lake.

Tulipakia gari. Tukampakia Mzee Guyo na fahali, huyo nilimwelekeza vizuri. Mwisho akapanda Mzee Yafeti na sanduku lake, mkeka umefungwa juu, kwa kuwa lori la kumpeleka kwao lilikuwa linangoja ng'ambo. Alikuwa amevaa koti. Joto lile lote, koti. Alikuwa ameshaaga kijiji kizima.

Bwana wa Barabara alibaki ndani ya gari lake na daftari. Nikasimama mbele, kofia inang'aa kiasi cha kuwapofusha ndege, nikapuliza filimbi. Tukavuta. Kundi la kwanza, kundi la pili, safi kabisa. Tukafika katikati, pale mto unapovuta waya mpaka unapinda kama upinde. Nikageuka kidogo ili Bwana anione ubavu, upande wangu mzuri.

"Kivuko cha nani?"

"Cha Samueli."

Na watu wanane, kwa nidhamu ambayo sijaiona tena katika nchi hii, wakapeleka mikono kwenye paji la uso.

Meno yote manane yaliteleza kwa pamoja. Pantoni ikarudi nyuma kwa kishindo, waya ukakazika, kulabu moja ikakatika, ya pili ikaifuata. Waya uliporuka juu ulipita kichwani kwangu na kuivua kofia, taratibu, kama mzee wa kanisa anavyomvua kofia kijana aliyeingia nayo ibadani. Haukunigusa hata unywele. Kofia ikaanguka mtoni, ikasimama wima juu ya maji, ikaanza safari ya kwenda Kipini. Sisi tukaifuata.

Sasa nitawaambia kitu ambacho sikukiandika kwenye ripoti. Watu kumi na wawili wanapelekwa na maji ya Tana, mzee mmoja miongoni mwao hawezi hata kusimama vizuri, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu lilikuwa, "Kofia yangu."

Mzee Guyo akanigeukia. Alikuwa amemkumbatia fahali shingo. "Kofia yako najua ogelea," akasema. "Ng'ombe yangu najua ogelea. Mimi sijui."

Nikapuliza filimbi. Mto haukusimama. Nikapuliza tena kwa nguvu, Bwana wa Barabara akapandisha kioo cha gari. Wavutaji walinitazama wakingoja amri, na mimi nilikuwa nimejifunza amri moja tu, ile ya kunisalimu.

Hapo ndipo ikasikika sauti ya mzee kutoka juu ya sanduku. Haikuwa kubwa. "Waya wa nani?"

Waya ulikuwa umeshabaki nyuma, jamani. Lakini sote tuliitika, "Wa Mungu," na mikono ikaamka. Kila mtu akanyakua upondo, ile miti mirefu ya kusukumia. Mzee aliita, tukaitikia, na kwenye lile neno tukasukuma kwa pamoja, pantoni ikajongea kando. Akaita tena, tukasukuma tena. Niliimba kwa sauti ya kukausha mto, na sikukumbuka kutazama kama kuna anayenitazama. Kwenye kona ya pili tukaupanda mchanga, tukakwama, salama wote, na fahali akaanza kula majani kama vile pale ndipo alipokuwa akienda.

Kofia? Wapo wanaosema ilizama. Mimi niliiona kwa macho yangu ikifika pale walipolala viboko, na mmoja alipoinuka kupumua iliketi kichwani mwake sawasawa. Ilimtosha kuliko mimi. Alikaa nayo akitutazama kwa dharau, nami nikajua nimeonekana hivyo kwa wiki tano.

Watu wa kijiji walipotuvuta kwa kamba hadi ukingo tulikotoka, Bwana wa Barabara aliteremka.

"Nani alifundisha watu kuacha waya?"

Shee, ambaye hajawahi kukosa neno, alitazama vidole vya miguu yake. Wote walinihifadhi, wale niliowafanya waniinamie.

"Mimi, Bwana," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kisomi. "Ili wanisalimu, Bwana."

Aliandika muda mrefu sana kwa jibu fupi kama lile. Kisha akatoa hukumu. Mimi nirudi kwenye waya. Mzee Yafeti abaki nyapara mpaka masika iishe, na hapo atakuja kutazama tena. Akikosa mtu anayefaa, ataleta mgeni kutoka pwani, na mzee atabaki kumfundisha huyo mpaka ajue mto, iwe mwaka au miwili.

Kule ng'ambo, lori la kwenda Kipini likaondoka bila yeye. Upande wetu nilimwona Mzee Yafeti akivua koti, akalikunja, akalirudisha ndani ya sanduku. Kisha akaanza kupanda ukingo. Matope yalikuwa ya mvua, miguu ikamkataa, akapanda kwa mikono. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, kichwa wazi. Hakuna kipigo cha maisha yangu kilichoniuma kama kuzitazama nyayo zile.

Nikapita mbele yake, nikachuchumaa. "Panda, Mzee."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni."

Akanipapasa mgongo. "Mimi si mzito," akasema, "ila nina maneno mengi."

Nilimbeba. Kesho yake asubuhi nikaenda nyumbani kwake nikambeba kumshusha, jioni nikambeba kumpandisha, na hivyo masika nzima. Hakuwa mzito kweli, labda kilo mia tatu. Alinishika masikio kama usukani, akanifundisha kazi upya toka juu: hapa pana utelezi, pale maji yamechimba chini, lile povu la asubuhi linataka tungoje hadi adhuhuri. Nilijifunza zaidi chini ya mzee yule kuliko miaka yote niliyosimama kando yake. Shee alitupokea kila asubuhi kwa saluti. "Nyapara wa zamani, beji hii mpya imekukaa. Unaisugua kwa ndimu?"

Mwalimu wa katekisimu alinikuta siku moja njiani nikiwa na mzigo wangu, akaniuliza kwa utani kama bado nakumbuka sanamu ni nini. Nikamwambia lile jibu la mti na jiwe nalirudisha, na alama zake azichukue. Sanamu ni kitu chochote kinachokufanya uachie waya ili ukisalimu. Kinaweza kuwa cha kitambaa. Chaweza kuwa na jina lako.

Basi, ninyi na simu zenu mnazojipigia picha. Simgombezi mtu. Ningekuwa na simu wakati ule ningejipiga mpaka ipasuke, ubavu ule mzuri. Nauliza tu, kama nilivyoulizwa: wakati mkono mmoja umeinua hiyo simu, mwingine umeshika nini, na nani amekaa kwenye sanduku nyuma yako akitegemea ufike?

Masika ikaisha. Asubuhi moja nilikuwa nateremka ukingoni kama kawaida, Mzee mgongoni, matope hadi magotini, shati limechanika bega. Chini kulikuwa na gari. Bwana wa Barabara alikuwa amekuja bila barua, amesimama kando ya pantoni na daftari lake. Alitutazama, asinitambue, na sikumlaumu, kwa kuwa mara ya mwisho alichokitazama ilikuwa kofia.

"Nyapara wa kivuko yuko wapi?" akauliza.

Nikafungua kinywa niseme, "Huyu hapa juu." Mzee Yafeti akanivuta sikio, ishara yangu ya kunyamaza.

"Ndiye huyu aliyenibeba," akasema. "Sasa nishushe, Samueli, nikavae koti langu."